Ulimi Mweusi wa Baba

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Nakuru mjini nikitafuta zipu, kijana mmoja mwenye meza ya mapambo akaniita. "Mathe, kuja uone jiwe ya bahati. Hii imetoka Kariandusi, chini ya ardhi kabisa." Akaniwekea kiganjani kitu kidogo kizito, chenye pembe za mraba zilizopangana kama ngazi zinazoshuka ndani ya shimo, kila ngazi na rangi yake: dhahabu, waridi, zambarau, halafu ile buluu ya shingo ya tausi. Sikumbishia. Kariandusi hutoa udongo mweupe, mwepesi kama unga, na kitu kile hakikutoka chini ya ardhi yoyote. Kuna mtu alikiyeyusha ndani ya sufuria na kukiacha kipoe polepole. Nilikirudisha mezani haraka kuliko adabu inavyoruhusu, maana ghafla nilikuwa tena mtoto wa darasa la tatu, nikichungulia kila Baba alipopiga mwayo.

Tulikaa Kiamunyi, enzi zile mashamba ya mahindi yalipokuwa bado mengi kuliko mageti. Baba alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya upili ya wavulana. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, ikinguruma tangu tumalizapo chai ya asubuhi hadi jua lianze kuegemea upande wa pili wa ziwa. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Mtoto wa pekee husikia mengi na kuelezwa machache, kwa hiyo hujifunza kuunganisha mwenyewe.

Jumamosi Baba alinichukua kwenda naye maabara. Wanafunzi walikuwa bwenini au uwanjani, na chumba kile chenye meza ndefu kilikuwa chetu. Kilinuka gesi, chaki na kitu kikali kama siki. Rafiki yake aliyesoma naye chuo alikuwa amemletea kutoka Nairobi donge la metali ya kijivu yenye wekundu wa mbali, kama kucha ya mtu aliyeshikwa na baridi. Alisema inaitwa bismuthi. Aliponipa nilishike nusura nilidondoshe, kwa jinsi lilivyokuwa zito kuliko ukubwa wake.

Aliliweka ndani ya sufuria ya chuma cha pua, akawasha moto. Kwa muda mrefu halikutokea lolote, halafu donge likakaa kama mtu aliyechoka, likajimwaga, na sufuria ikawa na kioo ndani yake. Juu ya kioo kile ukaanza kutanda utando wa manjano, kisha wa buluu, kisha wa zambarau. Baba aliuondoa kwa kijiko, utando mwingine ukaja. Alizima moto akafunika sufuria kwa kipande cha bati ili ubaridi usiingie kwa haraka. "Ukiiharakisha inakuwa donge tu," alisema. "Ukiivumilia inajijenga." Tulingoja. Ulipofika wakati, wakati ambao yeye pekee aliujua kwa kuigonga sufuria na kutazama jinsi uso unavyotikisika, alimwaga ile iliyokuwa bado maji kwenye chombo kingine. Chini ya sufuria ilibaki ile iliyokuwa imeshajijenga.

Mpaka leo sijui niielezeje siku ile ya kwanza. Kulikuwa na vyumba ndani ya vyumba, kuta bila paa, ngazi zilizoshuka kwa pembe zilizonyooka kuliko pembe za nyumba yetu. Tulipoiangalia ilikuwa rangi ya fedha, na mbele ya macho yetu, ikipoa, ikavaa rangi. Baba aliniambia hakuna rangi yoyote pale. Alisema hewa inaigusa metali ikiwa bado moto, inaifunika kwa ngozi nyembamba ajabu, na mwanga ukiipiga ngozi ile unarudi umegawanyika, kama unavyogawanyika kwenye mafuta yaliyomwagika juu ya maji pale petroli inapouzwa. Mahali ngozi ni nyembamba zaidi unaona rangi hii, ikizidi unene unaona nyingine. Alinionyesha pia kwamba kipande kigumu kinaelea juu ya bismuthi iliyoyeyuka, kama barafu juu ya maji, jambo ambalo metali nyingi haziwezi. Alikifunga kimoja kwa uzi akakisogezea sumaku, na badala ya kuifuata sumaku, kikageuka taratibu kikaikimbia. "Hii haipendi kuvutwa," alisema, akacheka peke yake. Vipande kama vile viliitwa fuwele, na nililipenda neno lile kuliko jina langu.

Ukutani maabara kulikuwa na chati ya elementi. Baba aliniinua nikaweka kidole kwenye chumba cha bismuthi, nikasoma herufi zake. Halafu nikasoma chumba cha jirani, mkono wa kushoto, na hapo furaha yangu ikatoka kama upepo kwenye mpira. Lilikuwa limeandikwa jina la Kiingereza la risasi. Si risasi ya bunduki, ile metali yenyewe. Nililijua jina lile kwa sababu ya ndama wa Shosho.

Shosho, mama yake Baba, alikuwa analima viazi Kuresoi, na likizo ya nyuma yake ndama wake alikuwa amelamba betri ya gari iliyopasuka ambayo mtu aliitupa kwenye ua. Nilimwona akizunguka bila kuona, akisaga meno, akigonga kichwa kwenye uzio. Alikufa ulimi ukiwa nje, umegeuka rangi, na inzi juu yake. Baba ndiye aliyenieleza, akidhani kwamba maelezo hupunguza uchungu. Alisema ndani ya betri kuna metali nzito inayoitwa risasi, au lead kwa Kiingereza, na ikiingia mwilini haitoki. Maneno yale mawili, nzito na haitoki, nililala nayo Kuresoi na nikarudi nayo Kiamunyi. Sasa hapa palikuwa na Baba yangu, ameiinamia sufuria ya jirani wa risasi, akivuta hewa yake.

Sikumwambia kitu. Niliomba tu tufungue dirisha.

Haikuchukua muda Baba akaanza kushika tumbo. Aliacha kula maharagwe, halafu akaacha chai. Mara nyingine aliinuka mezani akaenda kusimama nyuma ya nyumba, mkono mmoja kwenye ukuta. Mama alimlazimisha aende kwa daktari mjini, akarudi na dawa, na jioni ile niliwasikia wakisema ni vidonda. Vidonda nilivijua, nilikuwa nacho kimoja kwenye goti. Nilijaribu kufikiria kidonda kinavyoweza kukaa tumboni, mahali ambapo huwezi kukipuliza wala kukiwekea bandeji, na nikaona kwamba wazazi wangu walikuwa wananificha neno kubwa zaidi.

Kisha asubuhi moja tulikuwa tunapiga mswaki pamoja kwenye sinki la nje, akatema maji, akapanua mdomo kujitazama kwenye kioo kidogo kilichoning'inia kwenye msumari. Ulimi wake ulikuwa mweusi. Haukuwa na doa tu, ulikuwa mweusi katikati kama umepakwa masizi, na pembeni kijivu. Aliuona, akausugua kwa mswaki, hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshika ukingo wa sinki.

Watoto wa Nakuru tulijua mapema kwamba unachomeza hukuacha na alama. Maji ya visima vyetu yalikuwa yamewapaka wengi wetu meno rangi ya kahawia, na tuliambiwa yale hayasuguliki, yameingia ndani. Kwa hiyo sikuwa na shaka yoyote. Metali ilikuwa imemwingia Baba na sasa ilikuwa inatokea mdomoni.

Siku hizo hizo nikaipata boksi ya dawa. Haikufichwa, ilikuwa juu ya kabati la vyombo, nami nilikuwa napanda kiti kutafuta sukari. Jina la dawa lilikuwa refu, lakini mwanzo wake niliufahamu kabla sijamaliza kulisoma, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuuwekea kidole. Bismuthi. Nilisoma tena. Nilitoa kidonge kimoja, nikakinusa. Kilinuka chaki na mnanaa. Sikuweza kuelewa. Labda daktari hakujua. Labda Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa ameisaga metali yake akaitia kwenye boksi, kwa sababu aliipenda sana, kama wale wanawake wanaopenda kula udongo. Kila jibu nililojipa lilikuwa baya kuliko lile lililotangulia, na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Kwetu magonjwa ya wakubwa hayakuwa mazungumzo ya watoto.

Basi nikawa mlinzi. Nilijifunza kumfanya Baba afungue mdomo. Nilimsimulia vichekesho. Nilipiga miayo mbele yake, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba miayo huambukiza. Nilikaa karibu naye kanisani wakati wa nyimbo. Kila nilipouona ulimi bado mweusi, moyo ulishuka, na bado sikuacha kutazama. Shuleni mwalimu aliniuliza mara kadhaa nilikuwa wapi ilhali nimekaa kwenye dawati langu. Jumamosi nilianza kusema naumwa kichwa, ili nisiende maabara, na nilifikiri kwamba nisipoenda, labda naye hataenda. Alienda. Alionekana kuumia kidogo, lakini alidhani nimekua na kuchoka na mambo yake.

Jioni moja alirudi nyumbani na fuwele. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, pana kama kiganja changu, na ngazi zake zilikwenda chini mpaka mahali jicho lilipopotea. "Hii ni yako," alisema. "Niliingoja sana." Aliiweka kwenye dirisha la chumba changu. Asubuhi jua la Kiamunyi lilipoingia, ukuta mzima ulitapakaa madoa ya rangi, nami nililala uso nikiuelekeza upande wa pili, nikigeuka kuitazama, nikigeuka tena. Niliiogopa na nilitaka kuishika. Sidhani nimewahi tena kutazama kitu kizuri namna ile nikiwa na hofu namna ile. Nilipoishika, nilinawa mikono kwa sabuni mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana.

Halafu ulimi ukaanza kurudi. Kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka siku moja akacheka kwa neno la Mama nikaona ulimi mwekundu, ulimi wa kawaida wa mtu. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha kama ile. Nilikula ugali mpaka Mama akanitazama. Jumamosi iliyofuata nilikwenda maabara bila kuombwa, na Baba akanishika mkono njia nzima.

Lakini mkono ule ulikuwa wa baridi. Na katika kupanda kile kilima kifupi kutoka barabarani kuja nyumbani, alisimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akakaa ameinama muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji. Nilimwona viganja vyake. Vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Nilijiambia ulimi ni mwekundu, kwa hiyo amepona. Nilikuwa nimeipa hofu yangu mlango mmoja tu wa kuingilia, na mlango ule ulikuwa umefungwa.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mama alikuwa anapinda ukingo wa sketi ya mteja, Baba amekaa kwenye kiti cha mkono, nami nilikuwa chini ya meza na vipande vya vitambaa. Baba alitaka kuinuka achukue gazeti, akainuka nusu, akashika ukuta, akarudi kukaa. Mama aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Bado inakuja nyeusi?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Bado. Si ni ile dawa," Baba alisema. "Daktari alisema itakuwa hivyo."

Nilidhani wanazungumza juu ya ulimi. Kulikuwa na kitu kingine gani cheusi duniani? Nikatoa kichwa chini ya meza, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua jambo ambalo wao hawakulijua, na lilikuwa jambo zuri, na nilitaka Mama asiwe na wasiwasi.

"Ulimi yake si nyeusi, Mama. Ilishatoka kitambo."

Mama alimtazama Baba kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Alisimama, uzi ukakatika, akamwendea.

"Fungua mdomo."

Baba alifungua, kama mtoto. Mama aliinama akatazama, halafu akamshika kidevu ili asiangalie pembeni.

"Uliwacha dawa lini?"

Baba alisema ni kama wiki mbili. Alieleza kwamba wanafunzi walikuwa wanamcheka, kila akigeuka kutoka ubaoni wanauliza mwalimu amekula zambarau za nani, na tumbo lilikuwa limetulia, akaona hakuna haja. Vidonge vile vile alikuwa anatembea navyo mfukoni bila kuvimeza, na boksi ya pale kabatini haikuwa imepungua, lakini Mama hakuwa na sababu ya kuihesabu.

"Wiki mbili," Mama alisema. "Na choo bado ni nyeusi."

Siku zile sikuelewa. Baadaye Mama alinieleza alichokuwa ameambiwa na daktari, kitu ambacho Baba alikisikia akakisahau: kwamba dawa ile huvifanya ulimi na choo kuwa vyeusi, na haina madhara, lakini damu inayovuja tumboni nayo huja nyeusi vile vile. Dawa inaweza kuificha damu. Mtu akiacha dawa na weusi ukabaki, huo si weusi wa dawa tena.

Mama hakupiga kelele. Alitoka nje bila viatu mpaka kwa Baba Chebet, jirani yetu mwenye pikapu, na tukasikia injini kabla yeye mwenyewe hajarudi mlangoni. Baba alijaribu kusema kwamba angeweza kungoja mpaka Jumatatu. Aliinuka kuonyesha kwamba anaweza, akaanguka na kuketi sakafuni kwenye vitambaa vyangu, uso ukiwa na jasho na rangi ya majivu. Baba Chebet na Mama walimbeba. Mimi nilibaki na mke wa Baba Chebet, aliyenipa maziwa ambayo sikuyanywa. Nilikuwa nafikiri kwamba nimesema kitu kibaya. Nilikuwa nimesema tu ulimi wake si mweusi, na wakambeba.

Walimwongezea damu usiku ule na siku iliyofuata. Kidonda kilikuwa kimefika kwenye mshipa, kikawa kinavuja kidogo kidogo. Daktari alimwambia Mama kwamba watu wa aina ya Baba huletwa wakiwa wamechelewa, kwa sababu damu ya tumbo haipigi hodi. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo siku zile zote nilimwona mara moja tu, alipoletwa dirishani akiwa amevaa gauni la hospitali, akaninyoshea mkono wenye bomba. Nilikuwa nimejiandaa kumpungia. Nilipomwona nikasahau.

Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Siku ya kwanza aliniita nikae naye, akasema Mama amemwambia kwamba mimi ndiye niliyejua ulimi umesafika. Aliuliza nilijuaje. Hapo nikamwambia yote, bila mpangilio: ndama, betri, jirani kwenye chati, boksi, miayo. Nilimwambia nilidhani metali yake imemla. Nilingoja acheke. Wakubwa walikuwa wanacheka tulipowaambia mambo kama hayo.

Baba hakucheka.

"Ulifikiria vizuri," alisema. "Hakuna mahali ulikosea kufikiria. Ni vile mimi sikukuambia kitu, ukabaki na nusu."

Halafu akanieleza, polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa bado fupi. Kwamba jirani zake bismuthi karibu wote ni sumu, na yeye amekaa katikati yao, na hata hivyo watu wamekuwa wakimtumia kutuliza tumbo tangu zamani. Kwamba mwili humpokea kidogo sana na kumpitisha. "Kukaa karibu na mwizi hakukufanyi mwizi," alisema. Kilichompaka ulimi ni bismuthi ikikutana na kitu kilichomo kwenye mate, basi. Kilichokuwa kinamuua kilikuwa ndani yake kabla ya metali, na kilikua kwa sababu aliona aibu kuchekwa na wavulana. Aliposema hivyo aliangalia dirishani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni akisikiliza, taulo begani. Aliingia akaketi kwenye ukingo wa meza, jambo ambalo alitukataza sisi kulifanya.

"Kutoka leo," alimwambia Baba mbele yangu, "ukimeza kitu, tunajua. Ukiwacha, tunajua. Sisi wote, na huyu pia. Huyu ako na macho."

"Sawa," Baba alisema.

"Usiniambie sawa ya mwalimu."

"Sawa, Mama Njeri. Nimesikia."

Alilala pale pale kitini, mdomo wazi kidogo. Nilivuta kigoda nikakaa karibu, nikihesabu kifua chake kikipanda na kushuka. Nje, watoto wa ploti ya pili walikuwa wanaruka kamba, na sauti ya kamba ikigonga vumbi ilikuwa inafika mpaka ndani. Mama alirudi kwenye cherehani yake, akapitisha uzi kwenye sindano, akanitazama juu ya miwani.

"Njeri, enda ucheze," alisema. "Nitamwangalia mimi."

Nilimwangalia Baba, nikamwangalia Mama, nikataka kuhakikisha kwamba ameelewa ni kazi gani anayoichukua. Alikuwa ameelewa. Nilivaa viatu vyangu, nikatoka, na wenzangu wakanipa zamu bila kuniuliza nilikuwa wapi siku zote zile.